Kutoka nyumba ya vyumba vitatu mpaka trela ya mwaka 1968: ukitaka kuhamia moja kwa moja, anzia hapa

Mama mdogo wangu wa Tanga aliposikia tumehamia kwenye trela alinipigia simu, sauti chini kabisa kama tuko msibani, akaniuliza "mwanangu, nyumba imepigwa mnada?" Haijapigwa mnada jamani. Tuliiuza wenyewe mimi na mzee, nyumba ya vyumba vitatu pale Columbus, Ohio, baada ya kitinda mimba kwenda chuo, tukahamia kwenye Airstream, trela ya kuishi inayovutwa na gari, ya mwaka 1968 yenye urefu wa futi 26. Mi ni nesi wa mikataba, ile ya wiki 13 hapa wiki 13 kule, na ilifika mahali nalipia mkopo wa nyumba ambayo silali humo hata miezi miwili kwa mwaka, hapo hapo nalipa chumba cha kupanga kila mji ninaopelekwa. Sa hizi chumba kinanifuata.

Wenzangu kazini wananiuliza kila siku inakuwaje kuwaje, wengi ni watu wa kwetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, kwa hiyo naandika mara moja nimalize. Mpangilio huu ndo ule ambao tungetakiwa kuufuata. Sisi wenyewe tulifanya ovyo ovyo na imetutoka hela.

Hatua ya 1: Trela kwanza, nyumba baadaye

Kosa kubwa ni kuuza nyumba kwa msisimko alafu ndo unaanza kutafuta trela huku unalala hotelini. Ukiwa na haraka hivyo utanunua chochote kinachong'aa. Nunua wakati bado una nyumba, iegeshe uani, itengeneze taratibu, na ikiwa tayari hamieni humo mwezi mzima kwa sharti moja, kwenye nyumba mnaingia kufua tu. Sio kuchukua sufuria, sio kuoga, sio kuangalia mpira. Sisi siku ya tatu tulishagombana kwa sababu ya taa, mzee anasoma mpaka saa sita usiku na mi zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, kwenye nyumba hilo halikuwa tatizo maana sebule ilikuwepo. Tukafunga pazia la kitenge katikati na taa ndogo upande wake, mambo yakaisha. Ni bora ugundue mambo kama haya ukiwa bado una pa kukimbilia.

Uliza kwanza sheria za mtaa wako lakini, kuna miji na vyama vya wenye nyumba hawaruhusu mtu kulala kwenye trela uani, jirani mmoja akipiga simu tu imekula kwako.

Na kuna jambo la umeme hapo hapo uani, tafadhali sana lisome mara mbili. Plagi ya trela ya ampea 30 ni ya volti 120, ina meno matatu, na inafanana vibaya na soketi ya volti 240 ya mashine ya kukaushia nguo. Kuna mafundi wazuri tu wa majumbani ukiwaambia "ampea 30" wanafunga 240 bila kuuliza, ukichomeka humo unaunguza kila kitu ndani ya sekunde. Mwambie fundi kwa mdomo na umwandikie: volti 120. Alafu pima na mita kabla hujachomeka.

Hatua ya 2: Mbao au aluminiamu

Trela za kizamani kwa macho yangu ni za aina mbili. Kuna zenye mifupa ya mbao na ngozi nyembamba ya bati juu, kama Shasta zile zenye vibawa kwa nyuma, nzuri mno kwenye picha, ila maji yakishaingia mbao zinaoza kimya kimya kutoka ndani na wewe nje unaona rangi tu. Za hivi ni za wikiendi. Kuishi mwaka mzima mi nasema tafuta zenye mifupa na ngozi ya aluminiamu zilizopigwa riveti kama ndege: Airstream, Avion, na Spartan zilizokuwa zinatengenezwa Tulsa, Oklahoma na kampuni iliyokuwa ya ndege kweli kweli.

Airstream tuliichagua kwa sababu vipuri vinapatikana, kampuni ipo tangu 1931 na kiwanda kipo hapo Jackson Center, Ohio, mwendo mfupi kutoka kwetu. Na siwezi kuficha kuna sababu nyingine ya moyoni, mwanzilishi wake Wally Byam mwaka 1959 aliongoza msafara wa trela hizi kutoka Cape Town kupanda bara lote mpaka Cairo, wakafika Ethiopia wakakaribishwa na Haile Selassie. Yaani vitu hivi vilishakula vumbi la Afrika kabla mi sijazaliwa.

Urefu: watu wawili, futi 24 mpaka 28 inatosha. Ukienda kwenye zile za futi 31 unaongeza uzito, unaongeza shida ya kona, na zile ndefu za miaka ya 70 zina ugonjwa nitakaousema hapo chini.

Hatua ya 3: Ukaguzi, na hapa ndo usikimbie

Beba bisibisi, tochi, ngazi, na kanga ya zamani ya kulalia chini. Muuzaji atakuonyesha mng'aro wa nje na mito mipya ya maua, wewe mwitikie vizuri, kunywa soda yake, alafu piga magoti.

Sakafu ndo kila kitu. Ni plaiwudi, na imebanwa katikati ya fremu ya chuma iliyo chini na bodi iliyo juu, kwa hiyo ikioza pembeni bodi inakuwa haina kitu cha kushikilia. Chomachoma na bisibisi kwenye kona zote, mlangoni, chini ya madirisha, kuzunguka matairi, na zaidi nyuma kabisa chooni. Plaiwudi nzima inakataa, bisibisi inagonga "ko". Iliyooza inapokea kama keki. Trela ya kwanza tuliyoenda kuiona ilikuwa imetandikwa zulia la plastiki jipya kabisa, safi, harufu ya gundi bado ipo, mzee akafurahi, mi nikainua kona moja nikaingiza bisibisi ikazama mpaka mpini. Muuzaji akasema "ah, hapo ni padogo tu." Tukamshukuru tukaondoka. Zulia jipya kwenye trela ya zamani linatakiwa likutie wasiwasi, sio raha.

Kisha nenda nyuma, mmoja asimame kwenye bampa arukeruke taratibu, mwingine achuchumae aangalie pale bampa inapokutana na bodi. Vikishuka vyote pamoja ni sawa. Bampa ikishuka na bodi ikabaki juu, mwanya unafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, basi fremu na bodi vimeshaachana huko nyuma. Huo ndo ugonjwa wa zile ndefu za miaka ya 70. Unatibika ila inabidi kufumua nyuma yote.

Ekseli: tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 Airstream wanatumia ekseli ambazo hazina springi, ndani ya bomba la chuma kuna fimbo za mpira ndo zinapokea mishtuko. Mpira ukikaa miaka 50 unakuwa jiwe. Angalia ule mkono unaoshika gurudumu, unatakiwa uelekee chini kidogo, ukikuta umelala sawa na ardhi au umepanda juu basi ekseli imekufa, itatembea hivyo hivyo lakini kila shimo la barabarani linapigwa moja kwa moja kwenye riveti na makabati yako. Haina haja ya kukataa trela kwa ajili hii, shusha bei tu, ekseli mpya zinaagizwa.

Matairi usiangalie kashata, angalia tarehe. Pembeni kuna namba inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Yakizidi miaka mitano sita badilisha hata kama yanaonekana mapya, tairi la trela linakufa kwa jua na kusimama kuliko kwa kutembea.

Nusa. Fungua makabati yote ya chini ukae humo dakika kumi mlango umefungwa. Panya wakishazaliana kwenye sufi ya ndani ya kuta ile harufu haitoki kwa sabuni wala ubani, mpaka ufumue kuta.

Na mwisho karatasi. Trela nyingi zimelala shambani kwa mtu miaka 30 na kadi ya umiliki imepotea. Linganisha namba iliyogongwa kwenye trela na ya kwenye kadi kabla hujatoa hata dola moja. "Utaipata tu kirahisi huko mbele" ni maneno ya mtu anayetaka uondoke na mzigo wake.

Sisi yetu tuliipata kwa dola 9,500, sakafu imeoza kona mbili tu, ekseli zimekufa zote, kuta hazina panya. Mpaka tunahamia tulikuwa tumeongeza zaidi ya 14,000. Mtu akikwambia trela ya kizamani ni njia rahisi ya kuishi mwambie akuonyeshe risiti.

Hatua ya 4: Kutengeneza, kwa mpangilio huu na sio mwingine

Kwanza ziba maji ya juu. Pili fremu na sakafu. Tatu ekseli, breki, matairi. Nne umeme, tano mabomba, sita gesi. Rangi na mapazia yaje mwisho kabisa, najua inauma, mi mwenyewe nilikuwa nimeshanunua vigae vya ukutani kabla hatujajua tuna sakafu au hatuna.

Kwenye kuziba usitumie silikoni ya bafuni kwa nje. Inashika vizuri mwaka mmoja alafu inaachia, na mahali ilipopita hakuna gundi nyingine inayokubali kushika tena, utakwangua siku nzima na ukucha. Tumia ile ya polyurethane. Jaribu uvujaji kwa mpira wa maji, mmoja juu anamwagia taratibu kuanzia chini kupanda juu, mwingine ndani na tochi.

Kigeuza umeme cha zamani kikiwa kinanguruma chini ya kitanda kitoe, vile vya enzi hizo vinachemsha betri, weka kipya. Ukiweka betri za lithiamu kumbuka hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo ziingie ndani ya trela, zisikae kule mbele kwenye ulimi, yaani ile sehemu ya trela inayofungwa kwenye gari.

Na uzito, uzito, uzito. Usiweke kaunta la mawe. Kila kitu unachofunga humo utakivuta mlimani.

Hatua ya 5: Vitu

Nyumba yetu ilikuwa futi za mraba 1,800. Trela kwa ndani ukipima vizuri kama 160. Na sisi watu wa kwetu tuna tatizo ambalo Mmarekani hana: nyumba yako sio stoo yako peke yako. Mi nilikuwa na sahani 60 za sherehe za jumuiya, sufuria la pilau ambalo linahitaji watu wawili kulibeba, viti vya kukunja 25, masanduku mawili ya mtu aliyesema anaacha wiki moja akahamia Dallas, na jeneza la vyombo vya kioo, naliita jeneza, lile kabati ambalo halijafunguliwa tangu ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Anza na vya watu. Piga simu, toa tarehe: mpaka tarehe fulani, baada ya hapo vinaenda. Usione haya. Vya jumuiya nilivikabidhi kwenye kikao, mbele ya watu, kwa orodha, ili isije ikasemwa baadaye kwamba sufuria la pilau niliondoka nalo kwenye trela.

Alafu vya watoto, kila mmoja boksi moja la plastiki lenye mfuniko, kinachozidi aje achukue au nipige picha nitoe. Walilalamika kwenye simu, hakuna aliyekuja.

Vya kutuma nyumbani weka kwenye mapipa na utume mapema kwa kontena la pamoja, yetu yalikaa njiani miezi zaidi ya miwili mpaka Dar. Na tafadhali usitume maikroweva, blenda na pasi za huku, ni za volti 120 na kwetu ni 230, unamtumia shangazi moshi tu. Tuma nguo, mashuka, vyombo, vitabu, zana za mkono.

Kingine chote uza au gawa. Mi nilifanya mauzo ya gereji wikiendi tatu, ya kwanza bei za kujipa moyo, ya pili nusu, ya tatu "chukua." Na usikodishe stoo! Hii stoo ya kila mwezi ni mtego, unalipia vitu ulivyoshindwa kuvikataa, mwaka wa pili umeshalipa kuzidi thamani yake na hukumbuki hata humo mna nini. Tulikodisha miezi minne, naongea kwa uzoefu.

Kanga na vitenge nilikuwa nazo zaidi ya 70, nikabaki na 12. Ilichukua siku nzima hiyo kazi na nililia mara mbili, moja ilikuwa ya marehemu mama. Lakini zile 12 zinafanya kazi kweli: pazia, taulo, shuka la joto, kitambaa cha meza, kufungia vyombo visigongane safarini. Kama kuna kabila duniani limezaliwa tayari kwa maisha ya trela ni wanawake wa pwani na kanga zao.

Nyaraka, yaani pasi, vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vya uraia, kadi ya trela, zote kwenye begi moja lisiloingiza maji, na begi lina sehemu yake ambayo mtu anaweza kulifikia gizani.

Hatua ya 6: Anuani na kodi

Hapa wengi wanapitia haraka alafu inakuja kuwauma. Ukiuza nyumba huna anuani, na Marekani bila anuani huna bima, huna leseni, huna benki. Watu wa maisha haya wanafungua makazi kwenye jimbo moja, sana sana Texas, Florida au South Dakota, majimbo ambayo hayatozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, wanatumia huduma za kupokea barua. Escapees wa Livingston, Texas ni wakongwe wa kazi hiyo. Utasaini fomu 1583 ya posta ili wakupokelee barua zako. Ila usidanganyike kwamba umekwepa kodi ya jimbo, ukifanya kazi Arizona, Arizona watataka chao.

Kama hujawa raia bado, una green card au viza, kila ukibadilisha anuani unatakiwa uwajulishe USCIS, wale wa uhamiaji, ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Inajazwa mtandaoni, bure. Hii usiiache.

Manesi wenzangu sikilizeni. Leseni yetu ya majimbo mengi inafuata jimbo la makazi yako, ukihamisha makazi na leseni inahama, panga hiyo kabla ya mkataba mpya. Na zile posho za nyumba na chakula ambazo hazikatwi kodi zinategemea uwe na makao ya kikodi, yaani kuna mahali una gharama zako za kudumu na kule ulikopelekwa ni kwa muda tu. Ukiuza nyumba ukawa unazunguka na trela bila kituo, mbele ya IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, wewe ni mtu wa kuhamahama na posho zote zinakuwa mshahara. Mawakala wengi hawakuambii, sio shida yao. Mhasibu alitukalisha chini akatupigia hesabu, tukaamua posho zangu zikatwe kodi tu, hela imepungua kweli lakini sipati jasho kila ikija bahasha. Wewe muone wa kwako KABLA ya kuuza.

Bima nayo iwe ya mtu anayeishi humo moja kwa moja, na thamani mkubaliane kwenye karatasi mapema, la sivyo ikitokea ajali watakulipa kama chuma cha miaka 50.

Hatua ya 7: Kuvuta

Usiangalie tangazo la pikapu linalosema inavuta pauni elfu kumi na ngapi. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha uzito inaoruhusiwa kubeba, watu, mizigo na ulimi wa trela vyote vinahesabiwa humo. Ulimi unatakiwa uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela iliyojaa, ukiwa mwepesi chini ya hapo trela inaanza kuyumba nyuma yako kwenye barabara kuu kama mlevi. Yetu ikiwa imejaa ilipima pauni 5,800, ulimi kama 700. Tulipima kwenye mizani ya malori, bei ya chakula cha mchana tu. Funga ile haichi (kiunganishi cha gari na trela) inayogawa uzito pamoja na kizuia kuyumba, kidhibiti cha breki ndani ya gari, minyororo ipishane chini ya ulimi, na waya wa dharura unaofunga breki trela ikichomoka.

Kurudi nyuma mlijifunzie kwenye paki tupu ya maduka Jumapili asubuhi. Shika usukani CHINI, upande unaotaka mkia wa trela uende ndo upeleke mkono. Alafu mkubaliane ishara. Mzee alikuwa ananipungia mkono kwenye kioo, mi naelewa "njoo" yeye anamaanisha "simama", mti upo nyuma. Siku hizi tunapigiana simu tu, anaongea polepole. Ukibadilisha matairi kaza tena nati baada ya maili 50.

Hatua ya 8: Maji, choo na ugali

Maji ya moto mnayo galoni 6, lita 23 hivi. Wamarekani wanaona ni adhabu, sisi tuliooga kwa ndoo na kopo tunaona ni ndoo nzima na chenji. Bomba la maji ya kunywa nunua mpira wake mweupe maalum, na weka kipunguza presha, mabomba ya zamani hayapendi zaidi ya psi 40 au 50.

Tangi la choo: weka maji mengi kila ukienda, usitupie kitambaa cha kufutia hata kama kimeandikwa kinayeyuka, na ukiwa umeunganishwa na bomba la paki, pale unapolipia kuegesha trela, USIACHE koki wazi. Watu wanaona ni akili, yatoke yenyewe. Yanayotoka ni maji, kile kingine kinabaki kinajenga kichuguu na kikikauka utaita fundi na aibu pia. Subiri lijae theluthi mbili, vaa glovu, fungua la choo kwanza kisha la sinki lisafishe mpira. Angalia pia kama yako inalo hilo tangi la sinki, nyingi za miaka ya 60 hazina kabisa, yetu ilibidi tufunge.

Umeme wa ampea 30 ni wati 3,600 basi. Kiyoyozi, maikroweva na birika la umeme kwa pamoja, breka inaanguka. Utazoea kuuliza "nimewasha chai?" kabla ya kupasha wali.

Gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo king'ora chake kikae karibu na sakafu, na cha kaboni monoksaidi uwe nacho pia. Kamwe usiote moto wa jiko. Hiyo naisema kama nesi.

Sasa ugali. Ugali unapikika, ila mvuke wake kwenye boksi la aluminiamu wakati nje kuna baridi ni mvua ya ndani, utaona mistari ya maji dari nzima pale mifupa ilipo maana aluminiamu inapitisha baridi. Fungua tundu la paa na feni kabla hujaweka maji jikoni, sio baada. Maharage tumia presha kuka. Dagaa na samaki mi nakaangia nje kwenye jiko la meza, si kwa ajili ya majirani, ni kwa sababu godoro liko hatua tano. Na hilo godoro liinue kwenye vichaga lipate hewa chini, la kwetu la kwanza lilifanya ukungu mweusi ndani ya mwezi wa baridi mmoja. Siku za barafu chomoa mpira wa nje, tumia maji ya tangi la ndani. Sisi tulishaamua Desemba mpaka Machi natafuta mikataba ya kusini.

Hatua ya 9: Pa kuegesha

Kuna paki nyingi zina sheria ya miaka kumi, trela ikizidi hapo hawaipokei. Kuna moja tulishalipa na fedha ya mwanzo, tumefika saa mbili usiku, yule wa getini akaangalia akasema hii ya mwaka gani, mzee kwa majivuno akajibu "sitini na nane!" Tukalala kwenye maegesho ya malori. Tangu hapo natuma picha nne kabla ya kulipa, mbili nje mbili ndani, wengi wakiona ni ya kizamani iliyotunzwa wanakubali na wengine wanakupa sehemu ya mbele upambe paki yao. Hakikisha wamekubali kwa maandishi.

Bei ya mwezi ni nafuu kuliko ya siku kwa mbali sana, umeme mara nyingi unasomwa mita. Usitegemee wifi ya paki (wifi ya intaneti, wifi yangu halisi mi namtegemea mno), chukua ya simu. Kama huna kazi ya kufuata, jangwani Quartzsite, Arizona kuna ardhi ya serikali unakaa tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili kwa kibali kimoja, hakuna umeme wala bomba, unajitegemea. Ada yake kwa miaka mingi ilikuwa dola 180 msimu mzima. Sehemu nyingine nyingi za ardhi hiyo ni siku 14 bure alafu unasogea.

Wageni wanakuja, ndio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwenye trela siku ya pili ndo ya jembe. Shemeji alilala kwenye kochi usiku mmoja, asubuhi akaomba mwenyewe apelekwe hoteli.

Kabla hujaondoa gari, kila mara

Tuna karatasi imebandikwa ndani ya mlango. Mi nasoma kwa sauti, mzee anagusa kitu kwa mkono ndo anajibu, hairuhusiwi kujibu akiwa amekaa. Gesi imefungwa? Tundu la paa? Antena? Friji imefungwa na kamba? Waya wa umeme umechomolewa, mpira wa maji, mpira wa choo? Minyororo? Taa za breki zinawaka? Vigingi vya matairi? Na ngazi ya mlangoni imekunjwa? Hii ya ngazi niliiongeza kwa kalamu nyekundu, tulitoka nayo imening'inia siku moja ikabusu ukingo wa barabara kwenye kona ya kwanza tu, mpaka leo imepinda na ukiikanyaga upande wa kushoto inakuyumbisha, kwa hiyo mkija kutusalimia kanyageni kulia.